Mwongozo kamili: kutumia nzi wa matunda waliobadilishwa jeni kuchunguza kifafa cha watoto wachanga

Wanaoanza kazi hii karibu wote wanakwama sehemu ileile. Mmoja anasema nzi wake hawaanguki kifafa kabisa akiwatikisa, mwingine anasema wanaanguka wote mpaka wale wa kontroli (nzi wa kulinganisha), na wote wawili wanaanza kuilaumu jeni wakati jeni haijafanya kosa lolote. Tatizo huwa liko kwenye gesi ya kulazia nzi, kwenye joto, kwenye majike ambao sio bikira, na zaidi ya yote kwenye nzi wa kulinganisha ambao hawalingani na wale wa majaribio. Kwa hiyo hapa naenda hatua kwa hatua na jeni moja tu, alafu ukishaiweza hiyo unaweza kuhamia nyingine.

## Jeni tunayotumia na kwa nini

Tunatumia jeni ya kcc, jina lake refu kazachoc. Kwa binadamu inayofanana nayo ni SLC12A5, inayotengeneza protini ya KCC2. Mtoto akirithi nakala mbili mbovu, moja kwa baba na moja kwa mama, anaweza kupata kifafa kikali sana kinachoanza ndani ya miezi ya mwanzo ya maisha, degedege linahama kutoka upande mmoja wa ubongo kwenda mwingine na dawa za kawaida mara nyingi hazilishiki.

Kazi ya KCC2 ni kutoa kloridi nje ya niuroni, yaani seli za neva. Hapo ndo ufunguo wa mambo yote, maana GABA, ile kemikali ya kutuliza ubongo, inafanya kazi kwa kufungua mlango kloridi iingie. Sasa kama kloridi imeshajaa ndani, hata mlango ukifunguliwa hakuna kinachoingia, yaani ni breki unaikanyaga na gari linaendelea kwenda. Nzi aliyepunguziwa kcc ana shida hiyohiyo, na ukimtikisa kwa nguvu anapata kifafa ambacho unakiona kwa macho yako bila mashine yoyote ya bei mbaya.

Kuna wanaotaka kuanza na ule ugonjwa wa kutikisa kichwa wa Mahenge na kaskazini mwa Uganda. Nawaelewa kabisa, ni watoto wetu wale. Lakini ugonjwa ule unahusishwa na minyoo ya usubi na hakuna jeni moja iliyothibitishwa kuusababisha, na njia hii ya nzi inataka jeni mkononi kwanza.

## Vitu vya kuandaa kabla hujagusa nzi

Nzi:

- nSyb-GAL4, hawa wana GAL4, swichi inayowaka kwenye niuroni tu, ndo wanaamua kwamba mabadiliko yatokee huko tu.
- UAS-RNAi ya kcc (RNAi ni kinachonyamazisha jeni, UAS ni sehemu inayoiwasha GAL4 ikiwepo), laini mbili, yaani koo mbili za nzi, zinazolenga vipande tofauti vya jeni. Moja haitoshi, sababu utaiona mbele.
- UAS-RNAi ya kontroli, inayolenga kitu ambacho nzi hana (GFP au lusiferasi), iliyopandikizwa eneo lilelile la kromosomu kama laini zako za kcc.
- para-bss1, nzi wenye kifafa kikali wanaojulikana. Hawa ni wa kukupimia kama jaribio lenyewe linafanya kazi.
- Canton-S, nzi wa kawaida.

Wote wanapatikana kwenye benki ya nzi ya Bloomington, Indiana, na kwa RNAi kuna benki nyingine Vienna. Ukiwa ukanda wetu huu ulizia pia maabara zilizopita kwenye mafunzo ya DrosAfrica, wameshafundisha Uganda, Kenya na Nigeria, mara nyingi utapata mtu wa kukushika mkono na hata nzi wa kuanzia.

Vifaa: darubini ya kuangalia vitu vikubwa kidogo (ya kukuza mara 10 mpaka 40 inatosha), vichupa vyembamba vya plastiki na pamba za kuzibia, brashi laini ya kuchorea, mtungi wa gesi ya kaboni dioksidi na kipadi chake, inkubeta inayoweza KUPOZA na sio kupasha tu, mashine ya voteksi (ya kutikisa kichupa kwa kasi), beseni la maji moto lenye kipimajoto, simu yenye kamera, marka isiyofutika.

Neno "kupoza" nimelikazia makusudi. Dar au Mombasa chumba kinafika nyuzi 30 bila kujitahidi, na kwenye nyuzi 30 madume wa nzi hawa wanakuwa tasa. Utakaa unasubiri watoto ambao hawaji. Umeme ukikatika mchana wa Februari hali ndo hiyohiyo, kwa hiyo panga mapema betri au chumba chenye ubaridi.

## Hatua ya 1: Kibali na karantini

Hawa ni viumbe waliobadilishwa jeni, sheria inawahusu hata kama ni wadogo. Kenya kuna sheria ya usalama wa bioteknolojia ya 2009 na mamlaka yake ya NBA, nchi nyingine zina ofisi zao, chuo chako kitakuwa na kamati. Omba kibali kabla ya kuagiza, sio kifurushi kikiwa kimeshakwama uwanja wa ndege.

Nzi wakifika usiwachanganye na wengine. Waweke pembeni, wahamishe chupa mpya vizazi viwili, na kila mara angalia chupa kwa darubini kama kuna utitiri, vijidudu vyeupe vinavyotembea juu ya pupa na kwenye kuta za chupa. Utitiri ukiingia maabara nzima umeisha.

Umefanikiwa ukiona: mabuu wengi wanachimba chakula, pupa zimepanda ukutani, hamna kinachotembea kisichokuwa nzi.

## Hatua ya 2: Chakula

Kwa lita 1 ya maji: agari gramu 10, unga wa mahindi gramu 75, hamira kavu gramu 20, sukari gramu 80. Chemsha huku unakoroga mpaka iwe uji mzito, acha ipoe ishuke chini ya nyuzi 60 ndo uweke asidi ya propioniki mililita 5 na nipagini iliyoyeyushwa kwenye ethanoli (asilimia 10) mililita 10. Ukiweka wakati uji bado unachemka dawa za kuzuia ukungu zinapotea na mvuke, alafu mvuke wa asidi unakuchoma macho. Vaa glavu, fungua madirisha.

Mimina kwenye vichupa, funika kwa kitambaa safi usiku kucha ili unyevu utoke. Chakula chenye maji juu kinanasa nzi, na nzi aliyenasa anafanana sana na nzi aliyeanguka kifafa.

## Hatua ya 3: Jifunze kusoma alama za nzi

Usikimbilie krosi, yaani kupandisha nzi wa laini mbili. Kaa siku kadhaa na darubini ujue dume na jike bila kusita: dume ana ncha ya tumbo nyeusi ya mviringo na kijichana cheusi kwenye miguu ya mbele, jike tumbo lake limechongoka na lina mistari mpaka mwisho.

Jua pia alama za kromosomu za kulinda, yaani zile zinazozuia jeni zisichanganyike. CyO inakunja mabawa juu. Sb inafanya vinyweleo vya mgongoni kuwa vifupi na vinene. Tb inafanya pupa kuwa fupi kama pipa. Kama laini yako ina mojawapo ya hizi, nusu ya watoto wa krosi watabeba alama badala ya jeni unayoitaka, na usipoijua alama utawachanganya wote kwenye chupa moja na matokeo yako yatakuwa nusu ya ukweli, kihalisi kabisa.

## Hatua ya 4: Kukusanya majike bikira

Hapa ndo wengi wanaanguka. Jike akishapandwa anatunza mbegu za dume tumboni kwa siku nyingi, kwa hiyo jike mmoja tu asiye bikira anaweza kukujazia chupa na watoto wa baba mwingine, na we unaendelea kuwapima ukidhani ni wa krosi yako.

Fanya hivi. Asubuhi toa nzi wote wakubwa kwenye chupa za nSyb-GAL4, hakikisha hakuna aliyebaki hata mmoja kwenye pamba. Rudi kabla ya masaa 8 kupita kama chupa ziko nyuzi 25. Majike wote waliotoka ndani ya muda huo bado hawajapandwa. Ukitaka kulala usingizi wako, weka chupa nyuzi 18 usiku, muda unaongezeka mpaka kama masaa 16.

Bikira wa dakika za mwanzo unamjua kwa macho pia. Amepauka, tumbo limevimba, mabawa bado yamekunjana, na ukimgeuza unaona doa la kijani kibichi linaloelekea weusi ndani ya tumbo, ni mabaki ya chakula cha mwisho alichokula akiwa buu. Doa likiwepo, chukua. Doa likiwa halipo na muda wa kusafisha chupa huukumbuki, mwache.

Waweke bikira peke yao siku 2 au 3 kabla ya kuwakutanisha na madume. Watataga mayai machache ambayo hayaanguliwi.

Onyo: ukiona buu hata mmoja kwenye chupa ya bikira, mwaga chupa nzima. Usijipe moyo kwamba "labda ni mmoja tu".

## Hatua ya 5: Krosi

Bikira 8 mpaka 10 wa nSyb-GAL4, madume 5 wa UAS-RNAi, chupa moja. Fanya krosi zote siku moja, chakula cha mpishi mmoja:

- nSyb-GAL4 × RNAi ya kcc ya kwanza
- nSyb-GAL4 × RNAi ya kcc ya pili
- nSyb-GAL4 × RNAi ya kontroli
- Canton-S × RNAi ya kcc (bila GAL4, RNAi inatakiwa ibaki imelala)

Hizo mbili za mwisho watu wanaziruka ili kubana chakula na muda, na hapo ndo kazi inaharibika. Watoto wa kawaida wa Canton-S sio kontroli ya krosi yako hata kidogo, damu yao ni tofauti, na kuna laini zinazodondoka kirahisi kwa sababu ya vitu vingine vilivyojificha kwenye kromosomu ambavyo havihusiani na jeni unayochunguza. Unachotaka ni nzi wanaofanana kila kitu isipokuwa hiyo kcc.

Hamisha wazazi chupa mpya kila baada ya siku 2 au 3 ili mabuu wasibanane. Mabuu wakibanana wanatoka nzi wadogo dhaifu, na nzi dhaifu anachelewa kuinuka hata akiwa na jeni nzima.

Kuhusu joto: GAL4 inafanya kazi kwa nguvu zaidi nyuzi 29 kuliko 25, na 18 inapoa sana. Anza na 25. Ukiona tofauti ndogo, panda 29 kwa krosi ZOTE kwa pamoja. Kwenye 25 nzi wakubwa wanaanza kutoka kama siku ya 10. Acha kukusanya baada ya siku ya 18, maana hapo wajukuu wanaanza kuchanganyika na watoto.

## Hatua ya 6: Kutenga na kupumzisha

Kusanya watoto wa siku 0 mpaka 1, walaze kwa gesi haraka, tenga madume na majike, weka 10 kwa kila chupa yenye chakula kikavu. Kila chupa ipe namba na sio jina la krosi, mwenzako ndo atunze karatasi ya siri inayosema namba ipi ni nini.

Alafu waache. Masaa 24 kamili kwa uchache, siku mbili ni bora zaidi. Kaboni dioksidi inavuruga mfumo wa neva wa nzi kwa muda mrefu kuliko unavyofikiri, ukimpima nusu saa baada ya gesi unapima gesi. Yule anayeniambia "wote wanaanguka mpaka kontroli", swali langu la kwanza huwa ni hilo, uliwalaza lini?

Umri nao uwe sawa kwa wote, mfano wote siku 2 mpaka 3. Usilinganishe wa siku 1 na wa siku 7.

## Hatua ya 7: Jaribio la kutikisa

Fanya muda uleule wa siku, chumba kilekile.

Hamisha nzi kwa kugonga (bila gesi!) waingie kichupa kitupu kisafi. Wape dakika chache watulie. Washa kamera ya simu iliyosimamishwa vizuri, shika kichupa wima juu ya voteksi, spidi ya mwisho, sekunde 10, weka mezani mbele ya kamera. Usiguse tena.

Anza na para-bss1. Hawa lazima waanguke. Utaona kwanza wanarukaruka na kupiga mabawa bila mpangilio, kisha wanalala chali, miguu imekunjwa kifuani, kimya. Ukisogeza darubini unaona mguu mmoja unatetemeka, mdomo mrefu unatoka na kurudi, tumbo linajikunja kuelekea chini. Ukimya huo unakatishwa na mitetemo, alafu kabla ya kuinuka wanapata mshtuko mwingine mfupi, mabawa yanavuma, mara wanasimama. Kwa bss1 inachukua dakika kadhaa. Kama bss1 wako wanasimama palepale, basi voteksi yako haina nguvu au hao sio bss1, simamisha kila kitu urekebishe hapo kwanza.

Alafu Canton-S. Hawa wanatakiwa wasimame mara moja na kuanza kupanda ukuta.

Zote mbili zikikubali, pima vichupa vyenye namba. Kwa kila kichupa andika: wangapi wameanguka kwenye sekunde 5, na kila mmoja ameinuka sekunde ya ngapi. Soma kutoka kwenye video, sio kwa kumbukumbu, na asome mtu asiyejua namba zinamaanisha nini.

Usirudie nzi walewale siku hiyo. Baada ya kifafa kuna kipindi ambacho nzi hata umtikise vipi haanguki tena, kwa hiyo "jaribio la pili kuhakikisha" litakupa sifuri ya uongo.

Lenga vichupa 10 kwa kila krosi, kutoka krosi 3 zilizofanywa wiki tofauti. Kwa idadi ya walioanguka tumia jaribio la takwimu la Fisher, kwa muda wa kuinuka chora mkunjo wa Kaplan-Meier (unaoonyesha wangapi bado wako chini kila sekunde).

Umefanikiwa ukiona: RNAi zote mbili za kcc zinaanguka kuliko kontroli zote mbili. Usitegemee waanguke kama bss1, kcc ni ya upole zaidi, asilimia fulani tu watadondoka na wengi watainuka haraka. Ikianguka RNAi moja tu na nyingine iko kimya, bado huna matokeo, maana RNAi huwa inagusa jeni zisizo zake na hujui ipi inasema kweli.

## Hatua ya 8: Kama unachunguza degedege la homa, ongeza joto

kcc haihitaji hatua hii, lakini wengi watahamia ugonjwa wa Dravet, ule wa jeni ya SCN1A ambao mtoto anaanza degedege kabla ya mwaka mmoja na mara nyingi likiambatana na homa. Nzi ana jeni moja tu ya mlango wa sodiamu wa aina hiyo, para, na kuna nzi waliowekewa mabadiliko ya watoto wenyewe ndani ya para. Mmojawapo ni K1270T, wa familia zenye degedege la homa linaloendelea ukubwani.

Kichupa cha kioo ndani ya maji ya nyuzi 40, dakika 2, kamera juu. Kipimajoto kiwe ndani ya kichupa cha majaribio, joto la beseni sio joto la nzi. Ukipita 41 hata nzi wazima wanadondoka. Kinachotokea kwa K1270T ni kwamba joto likipanda niuroni za kutuliza zinashindwa kuendelea kurusha ishara, na zile za kusisimua zinabaki bila wa kuzizuia.

Onyo kubwa: msimtumie bss1 kama nzi wa Dravet. Zote ni para, zote zinatoa kifafa, lakini bss1 inaongeza kazi ya mlango wa sodiamu na Dravet inapunguza. Tofauti hii ina uzito wodini, mtoto wa Dravet akipewa kabamazepini, fenitoini au lamotrijini, dawa zinazofunga milango ya sodiamu, degedege linaweza kuzidi. Ukipima dawa kwa nzi asiye sahihi utapata jibu la kinyume.

## Hatua ya 9: Thibitisha kwamba kcc imepungua kweli

Kata vichwa vya nzi, toa RNA, pima kiwango cha kcc kwa qPCR (kipimo cha kuhesabu RNA ya jeni moja) ukilinganisha na kontroli. Kumbuka kichwani kuna seli nyingi ambazo sio niuroni na RNAi yako haizigusi, kwa hiyo kupungua kwa nusu tu sio kushindwa.

Usipokuwa na uwezo wa qPCR, tafuta maabara ya chuo jirani mshirikiane. Hatua hii haina mbadala.

## Hatua ya 10: Kuweka jeni ya binadamu ndani ya nzi

Hapa ndo kazi inamfikia mtoto. Unatengeneza nzi wawili wa UAS, mmoja anabeba SLC12A5 ya binadamu iliyo nzima, yaani isiyo na kasoro, mwingine anabeba ileile ikiwa na herufi moja ya DNA iliyobadilika kama ya mgonjwa. Zote mbili ziingie eneo moja la kromosomu kwa kutumia integresi ya phiC31 (kimeng'enya kinachopachika jeni mahali palipochaguliwa), la sivyo moja itafanya kazi kwa nguvu kuliko nyingine kwa sababu tu ya mahali ilipokaa. Kudunga mayai kuna maabara zinafanya kwa malipo, usiteseke kujifunza hilo kwanza.

Unawaingiza ndani ya nzi waliopungukiwa kcc. Jeni nzima ikipunguza kuanguka na ile ya mgonjwa ikashindwa, una ushahidi mzuri kwamba herufi ile ndo mbaya. Jeni nzima nayo ikishindwa, huwezi kusema chochote kuhusu ya mgonjwa. Kwa njia hii maabara ya Hugo Bellen pale Houston imekuwa ikisaidia familia za Marekani zenye watoto wasio na jina la ugonjwa.

Jina la mtoto lisiandikwe kwenye chupa, kwenye daftari wala kwenye jina la faili. Namba tu. Na ridhaa ya wazazi iwe ya maandishi kabla hujachukua hiyo herufi kutoka kwenye majibu ya hospitali.

## Hatua ya 11: Kujaribu dawa

Changanya dawa kwenye chakula kilichopoa, weka rangi ya bluu ya chakula ili uone matumbo yamekuwa ya bluu, maana nzi wanasusa chakula kichungu na asiyekula dawa hujampima dawa. Kontroli ipate kiyeyushi kilekile kwa kiwango kilekile. Dozi tatu kwa uchache.

Kabla hujashangilia, angalia kama nzi wa dawa wanapanda ukuta kawaida ukiwagonga chini. Dawa inayowalegeza tu inaweza kukuonyesha "kifafa kimepungua" kumbe nzi amelala.

## Kutupa na kutunza

Nzi waliotumika wanaingia kwenye chupa ya ethanoli, vichupa vya zamani vinalala frizani nyuzi hasi 20 siku 2 kabla ya kwenda jalalani. Hakuna nzi hai anayetoka nje, hata mmoja.

Laini zako ziweke nyuzi 18, nakala mbili kwenye trei mbili tofauti, hamisha chakula kila wiki 3 mpaka 4, na trei moja usiihamishe siku moja na nyingine ili chakula kikiwa kibovu kisiue zote. Kila ukihamisha angalia alama za mabawa na vinyweleo, ukiona nzi mmoja ambaye hatakiwi kuwepo anza upya kutoka trei ya pili.